Anko, huu wimbo unaisha lini?

Wiki mbili zilizopita nilikuwa natoka Dar kwenda Moro kumwona mama, na pembeni yangu alikaa mpwa wangu, mtoto wa dada, ana miaka 19. Hata Kimara hatujafika tushagombania redio ya gari, mwisho tukakubaliana kila mtu aweke wimbo wake kwa zamu na hakuna kuruka wimbo wa mwenzako. Yeye akaanza, dakika mbili na nusu ukaisha. Mi nikaweka Sikinde, yani wimbo wa bendi ya dansi ya Mlimani Park. Dakika ya nne hivi, waimbaji wameshamaliza kusimulia, magitaa ndo yanaanza kufunguka, tarumbeta zinajibizana na saksafoni, mi nishaanza kupiga usukani kwa vidole, dogo akanigeukia kwa adabu kabisa akauliza, "Anko, huu wimbo unaisha lini?"

Sikukasirika. Ila swali lilinikaa kichwani mpaka Chalinze na mpaka leo liko hapo, kwa sababu kwangu mimi ule wimbo ndo kwanza ulikuwa unaanza.

Kwa ambao hamjakulia kwenye muziki wa dansi ngoja nieleze. Wimbo wa zamani wa dansi una sehemu mbili. Kwanza unakaribishwa barazani, unakaa, unasimuliwa kisa taratibu, nani kamwacha nani, nani kaenda mjini kasahau wazazi, waimbaji wawili watatu wanapokezana na kiitikio kinarudi. Alafu ukishakielewa kisa unapelekwa uani kwenye ngoma yenyewe. Hapo ndo chemko. Gitaa la solo linapanda, gitaa la rizimu linashika palepale halitoki, besi inatembea, tumba zinakaza, wapulizaji wanaingia, na mtindo wa bendi unatajwa ili ujue uko kwa nani, kama ni Msondo ni Msondo, kama ni Sikinde ni Sikinde, Western Jazz walikuwa na Saboso yao, Marijani Rajabu na Dar International wana Super Bomboka. Ukikata wimbo kabla ya chemko umemsikiliza mtu nusu ukaondoka.

Sasa wimbo mwingi wa leo ni baraza tu, au ni uani tu. Sauti nzuri ipo, na hapa niseme ukweli wangu, vijana wa sasa wanaimba. Alikiba ana sauti ambayo hata kwenye zile bendi angepewa maiki siku ya kwanza. Tatizo sio koo. Biti inaanza, kiitikio sekunde ya kumi na tano, mashairi mawili mafupi, kiitikio tena, kwisha, na ukimaliza kusikiliza huna cha kusubiri mara ya pili kwa sababu kila kitu ulishapewa mwanzoni. Kipande kimetengenezwa kikatike vizuri kwenye TikTok, kikishakatika kile kipande wimbo wenyewe unabaki kama ganda la muwa.

Alafu kuna hili la mikono. NUTA Jazz ilianza 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, baadae ikawa Juwata, ikawa OTTU, na leo ndo hiyo Msondo Ngoma. Mlimani Park ilianza 1978, baadae ikawa chini ya DDC, Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam. Shirika la Bima lilikuwa na Bima Lee, mabasi ya UDA yalikuwa na bendi yao, polisi wana Polisi Jazz, jeshi wana zao. Yani mpiga gitaa alikuwa muajiriwa kama karani, ana mshahara, vyombo vya shirika, mchana anaenda mazoezini kama wenzake wanavyoenda ofisini. Watu zaidi ya kumi wanakaa pamoja siku baada ya siku wanapiga wimbo uleule mpaka rizimu anajua solo atapumulia wapi. Wakienda kurekodi Radio Tanzania bendi nzima inapiga kwa pamoja. Ndo maana ukisikiliza unasikia watu wanasikilizana. Leo prodyuza mmoja na laptopu yake anamaliza kazi usiku mmoja, na simlaumu, nani atamlipa mpiga tarumbeta mshahara wa mwezi sasa hivi? Lakini masikio hayadanganyiki, vidole vya watu wawili vina kitu ambacho biti ya kujirudiarudia haina.

Nikamwambia dogo haya yote, tulikuwa Mlandizi kwenye foleni ya malori. Akanisikiliza, alafu akanijibu kitu ambacho nilikosa jibu lake: "Anko we unaniwekea nyimbo kumi zilizobaki kwenye miaka thelathini, mi nakuwekea zilizotoka mwezi uliopita, hapo tunashindanisha nini na nini?"

Ana haki kabisa. Kanda za marehemu mzee wangu nazikumbuka, alikuwa anarekodi kutoka redioni na kidole kwenye kitufe, na sio kila kilichomo ni dhahabu. Kuna nyimbo pale za kupongeza maazimio ya chama ambazo hakuna anayeziomba kwenye kipindi cha zilipendwa hata siku moja, na kuna nyimbo za mapenzi zimepoa kama uji wa jana. Kwa miaka mingi huku bara redio ilikuwa moja, mpaka Radio One ilipokuja 1994, kwahiyo kilichopita kwenye tundu lile ndo kilichosikika, na muda ukaja kuchuja tena. Tunachokiita muziki wa zamani ni kile kilichobaki makapi yakishapeperushwa. Wa leo bado uko kwenye ungo.

Pia ile lawama ya kuiga mi nimeacha kuitumia. Watu wa rika langu tunapenda kusema hawa watoto wanaiga, jana walikuwa Wanaijeria leo amapiano ya Sauzi. Jamani, Moro palepale, mji kasoro bahari, bendi ya Salum Abdallah iliitwa Cuban Marimba! Cuba! Wazee wetu walikuwa wanasikiliza santuri za rumba kutoka ng'ambo na muziki kutoka Kongo na walichukua bila aibu. Tofauti ninayoiona mimi ni muda wa kutafuna. Wale walikaa na ile rumba miaka mpaka ikaanza kuongea Kiswahili cha hapa, kufika kwa Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz ukisikia lile gitaa huwazi Havana, unawaza Milima ya Uluguru. Leo mdundo unafika mwezi wa tatu, mwezi wa nne nyimbo ishirini zimetoka na mdundo uleule haujaguswa, mwezi wa sita umehamwa. Hakuna anayekaa nao mpaka uote mizizi.

Isipokuwa singeli. Na hapa dogo alishangaa maana alidhani nitaponda. Singeli imetoka Manzese, Tandale, kwenye mchiriku na vigodoro, zile ngoma za mitaani, haikuomba ruhusa kwa mtu, mdundo unazidi mapigo mia mbili kwa dakika na juu yake mtu anaongea maisha ya uswahilini kama yalivyo, kodi ya chumba, mama mwenye nyumba, umbea wa bombani. Masikio yangu yanachoka mapema nakubali, lakini ukiniuliza leo ni muziki gani umefanya kazi ileile waliyofanya wazee, kuchukua maisha ya watu wa hapa na kuyapa mdundo ambao duniani kote haupo pengine, ntakwambia singeli bila kusita.

Na wa rika langu tusisahau na sisi tulivyopokelewa. Mi nilikuwa kijana rapa Mr. II alipotoa Hali Halisi, 1998, mzee wangu alisema huyu anaongea haimbi. Akaja Professor Jay na Ndiyo Mzee, mwanasiasa anaahidi kila kitu na watu wanaitikia, mzee akanyamaza akasikiliza mpaka mwisho, hakusema kitu ila hakuzima. Kipindi kile bongo flava ilikuwa imerithi kitu kutoka kwenye dansi bila kujua, yani kisa. Marijani alikuwa na Masudi jambazi, ana Georgina, ana Zuwena, ni watu wenye majina na mambo yamewakuta. Dogo anasema mbona hata nyinyi nyimbo nyingi zilikuwa mapenzi tu, ndio, lakini mapenzi yale yalikuwa na barua, na wakwe, na nauli, na mtu kahamishiwa kazi mkoani. Ya leo mengi ni wewe ni mzuri, nakupenda, sitaki wengine. Sawa, na kisha ikawaje? Hapo ndo nyimbo inapoishia. Hilo ndo linaniuma kuliko otochuni, kuliko biti, kuliko yote.

Ila kuna mahali wazee walishindwa vibaya, na sio kosa lao. Muhiddin Gurumo aliimba zaidi ya nusu karne, NUTA, Mlimani Park, Safari Sound, akarudi Msondo, sauti yake imezama kwenye kuta za nchi hii. Alipotangaza kustaafu mwaka 2013 watu walijua kwamba miaka yote ile hakuwahi kuwa na gari. Aliyemnunulia ni Diamond, kijana wa bongo flava, alimkabidhi gari mbele ya watu mwaka huohuo. Aprili 2014 mzee akafariki. Nimekaa na hilo jambo mara nyingi. Mshahara wa bendi ulikuwepo lakini wimbo haukuwa wako, redio inapiga, kanda feki zinauzwa, wewe hupati kitu, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki imekuja 1999 wakati wengi wameshazeeka au wameshakufa, Mbaraka alishafariki toka Januari 1979 kwa ajali ya gari Mombasa akiwa na miaka 34, Marijani 1995. Kijana wa leo wimbo wake wa dakika mbili na nusu anaujua umesikilizwa mara ngapi na wapi na unamlipa. Siwezi kumwambia mpwa wangu kwamba zamani ilikuwa bora nikalificha hilo.

Kwahiyo nikiulizwa muziki wa leo unafikia wa zamani, kwenye upigaji haufiki, kwenye kisa haufiki, kwenye kumlinda msanii umepita mbali sana, na wimbo mmoja mmoja wa leo utabaki mpaka mjukuu wa huyu dogo achoke kuusikia.

Tulipokaribia Msamvu zamu ilikuwa yangu, nikaweka Mbaraka. Safari hii hakuuliza unaisha lini. Chemko lilipoanza aliongeza sauti mwenyewe kidogo, alafu akauliza, "Anko, kule nyuma ya Mbaraka, hiyo besi nani anapiga?"

Sikujua. Nimeusikiliza ule wimbo toka mtoto na sijui. Kwenye simu yake nyimbo zake zinaonyesha nani katunga, nani katengeneza biti, mpaka aliyesafisha sauti. Kwenye kanda za mzee kuna mwandiko wake tu wa wino wa bluu, "Moro Jazz, upande A", basi. Wale watu walioshika rizimu usiku kucha bila kutoka, wapulizaji, wapiga tumba, wengi hawakuandikwa popote pa mtu wa kawaida kuona.

Kanda ziko nyumbani kwa mama kwenye sanduku la bati, nyingine zimeota ukungu. Tulikaa siku tatu, jioni tunaweka moja kwenye redio ya zamani, dogo anashika daftari, mama anafumba macho anasikiliza. Kipindi cha ujana wake alikuwa haachi dansi Jumamosi, kwahiyo kuna wengine anawajua kwa mkono, anasema huyu wa tarumbeta nilikuwa namwona, ngoja, jina linakuja. Mengine yanakuja kesho yake asubuhi anapochambua mchele, anaita kutoka uani tuandike. Mpaka tunaondoka tulikuwa kanda ya tatu, zimebaki kama arobaini, na mwezi ujao dogo kasema anarudi na mimi.