Pampu ya maji na mshahara wa miezi mitatu

Mtoto wa kaka yangu ameniuliza swali ambalo huulizwa sana na walio seli: "Shangazi, mtu akikubali kosa mapema, si kesi inaisha haraka?" Inaisha, ndiyo. Nikamkumbuka yule baba wa pampu.

Alikamatwa Ijumaa jioni, akapelekwa kortini Jumatatu. Ndugu zake walilalamika kwamba polisi wamevunja sheria. Kifungu cha 49 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinataka mshukiwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, lakini saa hizo zikiisha wakati mahakama imefungwa, hungojewa siku ya kazi inayofuata. Kwa hiyo hapo polisi hawakuwa wamekosea.

Mimi, wakili, nilikuwa nimeketi nikisubiri faili nyingine. Karani alimsomea shtaka: wizi wa mtumishi, yaani mfanyakazi kumwibia mwajiri wake, kifungu cha 281 cha Kanuni ya Adhabu, kifungo kisichozidi miaka 7. "Ni kweli ama si kweli?" Akajibu, "Ni kweli," upesi, kama mtu anayetaka kumaliza jambo arudi nyumbani. Mwendesha mashtaka akasimama na kutoa maelezo: mshtakiwa alikuwa kibarua shambani, pampu ya maji ya mwajiri ikapotea, ikapatikana kwake. Hakimu, huku akiandika, akamuuliza kama maelezo hayo ni sahihi.

Yule baba alishika mbao za kizimba kwa mikono yote miwili. "Mheshimiwa, pampu niliichukua mimi. Sikuificha. Nilimwambia mwenyewe, ukinilipa mshahara wangu wa miezi mitatu, nitakurudishia."

Mwendesha mashtaka akasema, "Si amekubali?" Watu waliokuwa kwenye mabenchi nao waliona amekubali, mmoja alikuwa anatikisa kichwa kwa huruma. Hakimu akaacha kuandika. Akamtazama, akamwambia arudie polepole, na safari hii akayaandika maneno yake kama alivyoyatamka. Kisha akasoma kwa sauti: mshtakiwa amekana shtaka.

Hakuwa anampendelea. Utaratibu huo uliwekwa na Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki mwaka 1973 katika kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri: shtaka lielezwe kwa lugha anayoielewa mshtakiwa, jibu lake liandikwe kadiri iwezekanavyo kwa maneno yake mwenyewe, maelezo ya kosa yasomwe, apewe nafasi ya kuyapinga au kuongeza lake, na akiongeza jambo linalotia shaka kwamba ana hatia, iandikwe kwamba amekana. Kuchukua peke yake si kuiba. Kifungu cha 8 cha Kanuni ya Adhabu kinamkinga mtu aliyeamini kwa dhati kwamba ana haki juu ya mali, bila nia ya kulaghai. Kama mshahara unampa mtu haki ya namna hiyo juu ya pampu, hilo ni la kubishaniwa kwa ushahidi, wala haliamuliwi asubuhi ya kusomewa mashtaka.

Na kama angenyamaza baada ya "ni kweli"? Kifungu cha 348 cha sheria ya mwenendo wa jinai humnyima rufaa aliyekiri, isipokuwa kuhusu ukubwa au uhalali wa adhabu. Angebaki kuishawishi Mahakama Kuu kwamba kukiri kwenyewe kulikuwa na dosari, na rufaa ina siku 14 tu.

Niliomba ruhusa nimsimamie. Dhamana ikawa shilingi 50,000 taslimu au bondi ya 100,000 na mdhamini mmoja. Kaka yake alileta hati ya shamba, lakini ilikuwa bado ina jina la marehemu baba yao, ikakataliwa. Tuliomba dhamana ipunguzwe, ikapunguzwa, na bado hawakuifikia. Akabaki rumande. Tulidai nakala za maelezo ya mashahidi, maana Kifungu cha 50 cha Katiba kinampa haki ya kuuona ushahidi mapema, tukajiandaa. Siku ya kusikizwa mlalamishi hakuja. Na iliyofuata pia hakuja. Mwendesha mashtaka akaiondoa kesi chini ya kifungu cha 87(a) cha sheria ya mwenendo wa jinai.

Nje ya korti yule baba aliniuliza kama angekubali tu asubuhi ile, angekaa ndani muda wote huo. Nilimwambia huenda angetozwa faini na kwenda nyumbani siku hiyohiyo, iwapo angekuwa na pesa za kulipa, na rekodi ya kutiwa hatiani ingemfuata. Nikamwambia pia kwamba 87(a) ikitumika kabla ya utetezi humwachilia mtu bila kumsafisha. Anaweza kushtakiwa tena kwa jambo hilohilo. Hakuridhika, nami sikuwa na jibu la kumridhisha.

Mshahara nao ulikuwa haujalipwa. Hilo ni dai la ajira, faili nyingine kabisa, na Sheria ya Ajira inampa miaka 3 kulileta.