Tulipwelewa Takwa kwa neno moja la Kiingereza

Jumbe za wageni wa ami naziandika mimi. Yeye ni nahodha wa mashua hapa Shela, kisiwani Lamu. Kiingereza anakisema, kukiandika ameniachia. Kwa hiyo yaliyotupata Takwa yalikuwa juu yangu.

Takwa ni magofu ya mji wa kale kisiwani Manda, na kwa mashua unaingia kwa mkono wa bahari unaopita katikati ya mikoko. Maji yakijaa unapita, yakipwa ni tope. Siku ile yalijaa saa moja asubuhi. Ami akaniambia, "Waandikie, mpaka saa nne wawe chomboni." Nikawaandikia wale wageni wawili: "You can see the ruins until ten." Saa niliigeuza sawasawa, nne ikawa ten. Kosa lilikuwa kwenye neno "mpaka".

Wao walifuata nilichoandika. Mpaka saa nne kamili walikuwa msikitini wakitazama ile nguzo iliyosimama juu ya kibla. Ndipo wakaanza kurudi, wakipiga picha mibuyu njiani. Walipotufikia, mizizi ya mikoko ilikuwa nje. Ami akasukuma kwa pondo, tukaenda kidogo, mashua ikakaa. Tulingoja maji mpaka saa kumi, juani, watu wanne na chupa mbili za maji ya kunywa. Yule mama mgeni hakulalamika hata neno, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Usiku niliusoma tena ule ujumbe. "Until" ni ya jambo linaloendelea hadi saa fulani, kisha likakoma: "Stay until ten", kaeni mpaka saa nne. "By" ni ya jambo ambalo saa hiyo ikifika liwe limeshatimia, na likitimia mapema ni sawa: "Be back by ten", saa nne muwe mmesharudi. Isikilizeni hiyo -mesha-. Sentensi yako ikiikubali, andika "by". Mpaka yetu inabeba maana zote mbili na hatupotei, kwa kuwa kitenzi kinatuongoza. Kiingereza kimelitwika neno dogo kazi hiyo.

"Lend" na "borrow" ni hivyo hivyo. Kuazima kwetu ni kutoa na ni kuchukua, ndiyo maana gatini utasikia "borrow me your torch". Pimeni kwa kukopa badala yake: anayekopa ni "borrow", anayekopesha ni "lend". "Lend me your torch."

Na ukimwacha mgeni ukaenda kutafuta chenji, usimwambie "I'm coming". Naja yetu hapo haieleweki, maana anakuona unaondoka. Mwambie "I'll be right back".

Ami naye alimwambia mgeni, "I used to sail at night." Mgeni akamuuliza kwa nini ameacha, na ami hajaacha hata msimu mmoja. Alitaka kusema amezoea: "I am used to sailing at night." Ukiiondoa hiyo "am" na ukasema "sail" tupu, umeeleza mambo ya zamani yaliyokwisha. Tuliifanyia mazoezi barazani jioni nzima, yeye na mimi.

Juzi tulirudi Takwa na wageni wengine. Niliandika: "Please be back at the boat by ten." Saa tatu u nusu walikuwa wameshapanda, na ami akavuta nanga maji yakiwa bado yamefunika mizizi.