Divaida ndo ilikuwa inanila, sio seramiki

Mwezi mzima nguvu ilikuwa inapotea kwenye antena yangu na nilikuwa nalaumu vile vipande vyake vya seramiki bure kabisa. Ina vinne, gigahezi 5.8, na sifa kubwa ya antena za dielektriki, yaani zinazorusha mawimbi kwa kipande cha seramiki kama hivi, ni kwamba kipande chenyewe hakina chuma ndani, kwa hiyo hakuna nguvu inayopotea kwenye shaba. Stuart Long na wenzake walishaonyesha hilo jambo la kipande kurusha mawimbi tangu 1983. Sawa, ila vikiwa vinne lazima kuwe na kitu cha kuvigawia nguvu, ndo divaida, na mimi hicho kitu nilikichora jioni moja tu nikiwa na usingizi.

Nilitumia divaida ya Wilkinson, ile ya 1960: kila njia panda ina laini mbili za omu 70.7 zenye urefu wa robo ya wimbi, halafu katikati rizista ya omu 100. Ungeweza kuweka T ya kawaida bila rizista, ila vipande hivi nimevibandika kwa mkono na gundi, kimoja kikiwa na kaupenyo ka hewa chini basi masafa yake (frikwensi) yanapanda, kinarudisha nguvu, na bila rizista ile takataka inaenda moja kwa moja kwa majirani.

Kwa hesabu kila mlango wa kutokea wa divaida ulitakiwa usome desibeli 6 chini ya ile inayoingia, yaani robo ya nguvu. Nikapima, 7.7. Nikakaa na kalkuleta ndo nikaona aibu: bodi ni FR4, ile ya kawaida ya nyuzi za kioo, kwa masafa haya inakula kama desibeli 0.17 kila sentimita, na mimi vipande nimevipanga mstari mmoja kwa hiyo njia ya kufika kila kimoja ni sentimita nane hivi. Yaani nanunua seramiki ili nisipoteze nguvu halafu naimwaga njiani!

Nikapanga upya, viwili juu viwili chini, konekta inatokea nyuma katikati, njia ikashuka hadi kama sentimita 3.5. Nikafurahi mapema. Nikaizungusha antena kupima, mbele kabisa pale kilele kilipotakiwa kuwa kuna shimo!!! Vya juu nimevilisha laini ikitokea chini, vya chini ikitokea juu, kwa hiyo vinavuta kinyume na mbele vinafutana, kitu ambacho ungekiona kwenye karatasi kabla ya kuchoma shaba hata moja.

Dawa yake nusu wimbi upande mmoja, milimita 14 za laini iliyojikunja kama nyoka. Inakubali vizuri kwa gigahezi 5.8, ukienda masafa ya mbali na hayo inaanza kuzingua, ila mimi siyahitaji. Sasa milango miwili inasoma 6.8 na ile miwili yenye nyoka 7.0, kilele kimerudi mbele. Kipande cha tatu bado kina hewa chini, kesho nakibandua.