Kumbe dishi halikuwa na kosa

Baada ya mvua za wiki iliyopita, king'amuzi chetu kilianza kuonyesha nusu ya chaneli tu, na nusu nyingine ikaandika kwamba hakuna mawimbi. Fundi aliyekuja alisema dishi limesogea, akaligeuzageuza kwa saa nzima, akalipwa, akaondoka na tatizo likabaki palepale.

Kilichonipa mashaka ni kwamba chaneli zilizopotea zilikuwa zilezile kila siku. King'amuzi hupeleka umeme wa volti 13 au 18 kupitia waya uleule wa dishi, na LNB, kile kifaa cha mbele ya dishi kinachopokea mawimbi, hutumia tofauti hiyo kuchagua mawimbi ya wima au ya mlalo. Volti 18 zikipungua sana njiani, chaneli za mlalo hutoweka huku za wima zikiendelea kuonekana vizuri.

Jumamosi nilibeba televisheni na king'amuzi hadi uani, jirani akiniuliza kama tumehamia nje, nikaviunganisha na LNB kwa kipande kifupi cha waya mpya. Chaneli zote zikarudi. Nilipofungua konekta ya zamani upande wa dishi, shaba ya katikati ilikuwa nyeusi, nyuzi za kuizunguka zimeota kutu ya kijani, na tone la maji likanidondokea kidoleni.

Nimebadilisha waya wote, mita 20, nikafunika konekta kwa mpira na kuacha waya uning'inie kidogo chini yake ili maji yachuruzike kabla ya kuifikia.