Siku moja maishani mwangu: kazi ya harufu katika chumba cha panya

Saa 12:45 asubuhi. Naoga kwa sabuni isiyo na manukato. Mwaka 2014 ulichapishwa utafiti ulioonyesha kwamba harufu ya mwanamume, hata ya fulana yake tu, huwatia panya msongo. Ndiyo maana daftari letu huandikwa pia nani aliwashika siku hiyo, jambo ambalo kila maabara ingepaswa kulifanya.

Saa 2. Panya watakaopimwa sukari naondoa chakula chao na kuwahamishia kwenye maranda mapya. Ukiwaacha kwenye ya zamani watakula makombo na kinyesi, na mfungo utakuwa wa jina tu.

Saa 2:30. Nasafisha uke wa kila jike kwa mikrolita 20 za maji ya chumvi, kisha naangalia seli kwa darubini. Seli za duara zenye kiini zikijaa, yai litatoka usiku. Ncha ya pipeti isiingie ndani sana: ikisugua shingo ya kizazi, jike huweza kupata mimba ya uongo, na mzunguko wake wa uzazi wa siku 4 au 5 husimama.

Saa 4. Natia maranda yenye mkojo wa dume ndani ya vizimba vya majike, ili harufu yake iamshe mzunguko wao. Nayaweka ndani ili pua iyaguse, kwa kuwa protini za mkojo hazipeperuki. Ishara hupita ogani ya vomeronasali (kiungo cha kunusa ndani ya pua), kisha sehemu za ubongo ziitwazo balbu saidizi ya kunusa na amigdala, hadi nyuroni za kisspeptini katika haipothalamasi, zinazoamsha zile za GnRH, homoni inayoongoza homoni nyingine za uzazi. Majike waliokaa wenyewe kwa wenyewe, wengi huingia joto, yaani huwa tayari kupandwa, usiku wa tatu. Waliopandwa karibuni nawatenga kabisa: harufu ya dume mgeni hushusha prolaktini, homoni inayolinda mimba changa, na mimba haishiki. Mtafiti Hilda Bruce alilieleza hilo mwaka 1959.

Saa 8 mchana. Kipimo cha sukari, glukosi gramu 2 kwa kila kilo ya uzito: panya wa gramu 25 anadungwa tumboni mikrolita 250 za myeyusho wa asilimia 20. Tone la damu mkiani kabla ya sindano, kisha dakika ya 15, 30, 60 na 120. Ndoo ya chakula haifunguliwi chumbani, maana nyuroni za njaa, AgRP, hutulia panya akisikia tu harufu ya chakula, kabla hajatafuna.

Saa 11:30 jioni. Damu ya kupima LH, homoni inayochochea yai kutoka, kwa majike wenye zile seli za duara tu. Homoni hiyo hupanda ghafla karibu na taa kuzimwa saa 12. Kesho seli zao zisipokuwa kavu, bila kiini, sampuli hiyo naiondoa kwenye hesabu.