Elfu tano inayosomeka mbele na nyuma

Jamani nimeipata. Noti ya elfu tano, ile ya faru, namba 4172714, isome kuanzia kushoto isome kuanzia kulia ni ileile, na ni mpya kabisa haijawahi kukunjwa. Nimetoka benki nimeishika mkononi mpaka nafika Makoroboi hapa Mwanza, sikutaka hata kuiweka kwenye walet.

Kwa asojua, noti zetu zina herufi mbili halafu tarakimu saba, na watu wengi wanaokusanya wanatafuta namba za kufanana zote kama 7777777, au za kupanda kama 1234567. Hizo ni ngumu mno. Mi napenda hizi za kugeuka, kwasababu zina hesabu tamu sana ndani yake. Angalia, tarakimu nne za mwanzo zikishakaa, tatu za mwisho zinajipanga zenyewe, 4172 inaitaka 714 tu, basi. Kwahiyo kwenye noti elfu moja zinazoanza na tarakimu nne zilezile, yaani mabunda kumi ya noti mia mia, ipo moja tu, na huna haja ya kupekua zote maana lazima tarakimu ya tano ifanane na ya tatu. Ndo maana nilimwambia dada wa kaunta, "Dada naomba unicheki bunda linaloanza na 41727." Akaangalia, akacheka, akasema "Kaka wewe na namba zako," akanihesabia laki moja kutoka hapohapo katikati, nayo ikiwemo.

Huyo dada nimemzoea muda mrefu. Siendi mwisho wa mwezi foleni ikiwa imefika mlangoni, na asubuhi siendi kwasababu wafanyabiashara wa dagaa wa Mwaloni Kirumba wanaleta pesa zao na hapo ni noti zilizochoka tu. Naenda saa nane hivi, kumetulia. Karibu na sikukuu usijisumbue, noti mpya zote zinaishia kutunza maharusi.

Nyingine ninayoipenda ni mia tano ya karatasi, 2255522. Ile Benki Kuu (BoT) walivyotangaza noti za 1985 mpaka 2003 pamoja na mia tano ya 2010 zibadilishwe kuanzia tarehe 6 Januari mpaka 5 Aprili 2025, mama mdogo alikuja na kopo lake kutoka Ukerewe kwenda kubadilisha BoT hapa Mwanza, nikamwomba usiku ule nizipitie zote kwanza. Niliiona kama saa sita usiku, nikampa mia tano yake ya sarafu. Sahivi dukani hainunui hata pipi lakini kwangu haitoki. Nimeiweka kwenye plastiki, imelala flati, na tafadhali usije ukagusa noti yenye thamani kwa selotepu, gundi ile inaiua.

Sasa kuna hii inaninyima usingizi. Inayofuata baada ya yangu ni 4173714, mbele elfu moja kamili. Nilimuuliza dada, akasema bunda lake lilishatoka asubuhi ileile. Kwahiyo ipo mtaani, labda Igoma, labda Buzuruga, labda imeshavuka na feri ya Kamanga. Uliyeko Mwanza hebu toa elfu tano zako uangalie, ukiiona usiikunje, nakupa elfu tano nyingine na soda juu.