Fungueni Ukurasa wa 13

Jumapili jioni. Andalio la somo la kesho liko mezani: Kiingereza, Darasa la Tatu, kipindi cha dakika 40. Shabaha, zana na hatua zimeandikwa. Kisicho na safu yake kwenye andalio ni maneno yenyewe ya kuwaambia watoto ili waanze kazi. Kwangu hayo ndiyo ya kuandikwa kwanza, kwa Kiingereza, neno kwa neno.

Mtoto wa shule ya msingi ya serikali hapa Tanzania anasoma karibu masomo yake yote kwa Kiswahili. Kiingereza cha kitabuni kinamweleza habari za watu wa kwenye picha. Maelekezo ya mwalimu, hayo yanamtaka yeye mwenyewe atende jambo sasa hivi. Akielewa anafungua ukurasa, asipoelewa anachungulia kwa jirani. James Asher, mwanasaikolojia wa Marekani, alijenga njia nzima ya kufundisha lugha juu ya jambo hilo tangu miaka ya 1960: mwanafunzi asikie amri, aitende kwa mwili, kusema kutafuata. Mwalimu anayeharakisha maelekezo ili "afike kwenye somo" anakuwa ameruka sehemu nono ya somo lenyewe.

Tatizo la kwanza ni urefu. "Okay class, now what I want you to do is to open your books and look at the pictures, and then you are going to match them with the words." Mtoto wa miaka tisa anaambulia "books" na "pictures". Tena "match" anaisikia kama mechi ya mpira. Vilevile "could you kindly" haina kazi hapa. Adabu mtoto anaiona kwenye sauti na uso wa mwalimu, na ile "could you" inamfunika kitenzi anachokihitaji. Afadhali hivi: "Open your books." Kimya, mpaka vitabu vifunguliwe. "Page thirteen." Kimya. "Look." Kitabu kinainuliwa juu, kidole kwenye picha ya mbuzi. "Goat." Kidole kinaburuta mstari wa hewani mpaka kwenye neno. "Match." Tendo moja kwa sentensi moja, na lisifuate la pili kabla la kwanza halijaonekana limefanyika.

Hiyo "thirteen" ina mtego wake. Sikio la Kiswahili limezoea mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo "thirteen" na "thirty" zinaingia zikiwa na sura moja, na nusu ya darasa inafungua ukurasa wa 30. Dawa ni kuandika 13 ubaoni, kubwa, kabla ya kutamka. Ni hivyo hivyo kwa 14 na 40, 15 na 50.

"Don't" nayo ni ya kuogopwa. Katika Kiswahili ukanusho umo ndani ya kitenzi: "msiandike" haifanani na "andikeni" hata kwa mtoto aliyesinzia. Katika "don't write", kile kineno cha mwanzo kinamezwa, linabaki "write", na penseli zinaanza kazi. Badala ya kukataza, taja kinachotakiwa: "Pencils down." "Hands up." "Eyes on me." Pia "before you write, read the question" inageuza mpangilio, na watoto wanafuata walivyosikia: wanaandika, ndipo wasome. Sema kwa utaratibu wa matendo: "First, read. Then, write."

Ukirudia, rudia maneno yale yale. Mwalimu akisema "open", kisha "turn to", kisha "find", anadhani anarahisisha, kumbe mtoto anahesabu maagizo matatu. Maagizo kama kumi tu yanatosha muhula mzima, yakisemwa vile vile kila siku na kila moja likiwa na ishara yake ya mkono. Maneno ambayo Kiswahili kimeshayachukua yanasaidia sana: penseli, rula, namba, kopi.

Vitabu na karatasi vigawiwe mwisho. Karatasi ikishafika mkononi hakuna anayesikiliza, hasa pale kitabu kimoja kinapogombaniwa na watoto wanne. Na kumwelekeza mtoto huku umelipa darasa kisogo, unaandika ubaoni, ni kumnyima midomo na mikono yako, ambavyo ndivyo kamusi yake.

Sasa lile swali linaloua masomo mengi: "Do you understand?" Darasa zima linaitikia "Yes, teacher!" kwa sauti moja. Huo ni wimbo wa heshima. Mtoto hatamwambia mkubwa hapana mbele ya wenzake 60. Uliza kitu chenye majibu mawili: "Do we write, or do we draw?" "One word, or two words?" Kisha ngoja. Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani, alionyesha katika miaka ya 1970 kuwa walimu kwa kawaida hungoja takribani sekunde moja tu baada ya swali, na kwamba kufikisha tatu kunaboresha majibu. Sekunde tatu za kimya darasani ni ndefu ajabu. Zihesabu kwa vidole nyuma ya mgongo. Baada ya hapo mwite mtoto mmoja aje afanye namba 1 mbele ya wote. Usimwite yule anayenyoosha mkono kila mara. Mwite wa dawati la nyuma, kwa sababu akiweza yeye, maelekezo yamefika.

Kiswahili nakitumia, wala sioni aibu. Mchezo mpya wenye kanuni nyingi nitaueleza kwa Kiswahili mara ya kwanza. Ila kila "open your books" ikifuatwa papo hapo na "fungueni vitabu", watoto wanajifunza kusubiri sentensi ya pili. Wakikwama, nasema kwa Kiingereza, namwomba mwanafunzi mmoja awaambie wenzake kwa Kiswahili, kisha narudia kwa Kiingereza.

Kimebaki kipande cha kesho cha "work in pairs", nacho kinahitaji marekebisho. Dawati lina watoto watatu, kwa hiyo wawili wataongea na wa tatu atachezea rula. Nafuta "pairs". Wa ukutani ni A, wa katikati B, wa njiani C. "A, ask. B, answer. C, listen." Nikipiga kofi moja: "Change." Sasa B anauliza, C anajibu, A anasikiliza. Mizunguko mitatu, dakika mbili kila mmoja, na herufi zote tatu zichorwe ubaoni kengele ya kipindi inapolia, kabla sijasema neno lolote.